Atacheza Wapi, na Nani Atamfundisha? Hotuba Kuhusu Safari ya Franz Wagner

Hotuba hii ilitolewa jijini Berlin mbele ya wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, ambao watoto wao wanacheza mpira wa kikapu katika klabu za hapa. Inawekwa yote kwa ajili ya wale waliozuiwa na zamu za kazi.

Wazazi wenzangu, walimu, na ninyi vijana mliokaa nyuma mkidhani siwaoni, habari za jioni.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie namna ya kufika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Nimeona niwaombe radhi waandaaji na kuibadili mada, kwa sababu sijui namna hiyo, na ninawaogopa wanaosema wanaijua. Ninachoweza kufanya ni kuwaeleza kwa utaratibu alikopita mtu mmoja aliyezaliwa katika jiji hili hili. Jina lake ni Franz Wagner. Alizaliwa tarehe 27 Agosti 2001, akakulia Prenzlauer Berg, mtaa ambao wengi wenu mnaupita mkienda kazini. Leo anachezea Orlando Magic kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 224, ni bingwa wa dunia wa mwaka 2023, ni bingwa wa Ulaya wa mwaka 2025, na hayo yote ameyapata kabla ya kutimiza miaka 25.

Kwa nini yeye, ilhali Ujerumani imewahi kuwa na Dirk Nowitzki, jina kubwa zaidi? Kwa sababu Nowitzki hafundishiki. Kijana yule wa Würzburg aliokotwa na mtu mmoja, Holger Geschwindner, aliyemfundisha kwa njia zake mwenyewe, nje ya utaratibu wa kawaida, na hakuna mzazi anayeweza kusubiri mtoto wake aangukiwe na Geschwindner wake. Wagner ni habari nyingine. Safari yake ina hatua zinazoonekana, na kila ilipofika njia panda, swali lililotangulia lilikuwa moja: atacheza wapi, na nani atamfundisha? Fedha na jina vilifuata nyuma.

Nianze kwa kuwatoa hofu wale ambao tayari wanasema moyoni kwamba huyu alibahatika. Ndiyo, alibahatika. Ana urefu wa mita 2.08, na urefu haufundishwi. Ana kaka, Moritz, aliyemtangulia kwa miaka minne katika kila jambo. Na nyumbani kwao palikuwa katika mtaa wenye Max-Schmeling-Halle, ukumbi ambao Alba Berlin waliutumia kwa mechi zao hadi mwaka 2008. Bahati hizo sizifichi. Lakini je, ni vijana wangapi warefu, wenye kaka hodari, wamekulia karibu na ukumbi mzuri na hamjapata kuwasikia?

Tuanze na Bernau. Nani kati yenu amewahi kufika Bernau? Naona mikono michache. Ni mji mdogo kaskazini mashariki mwa Berlin, mwisho wa reli ya S2. Huko kuna klabu iitwayo Lokomotive Bernau, ambayo wakati huo ilicheza ProB, yaani daraja la tatu la Ujerumani. Franz Wagner, kijana wa Alba, klabu kubwa ya jiji kuu, alikwenda kucheza huko. Upo utaratibu unaomruhusu kijana kuwa na leseni ya klabu mbili kwa wakati mmoja: afanye mazoezi na wakubwa wa klabu yake, na mwisho wa wiki acheze mechi za kweli dhidi ya watu wazima katika daraja la chini. Hapo wazazi wengi hukasirika. Wanasema mtoto wao ameshushwa. Ninawauliza: ameshushwa kutoka wapi? Kutoka kwenye benchi? Kijana wa miaka 16 anayekaa benchi la timu kubwa hujifunza namna ya kuvaa fulana ya timu kubwa. Kijana wa miaka 16 anayechezeshwa dakika nyingi Bernau anakutana na baba mwenye miaka 32, mwenye kilo 110 na hasira za wiki nzima, anayempiga kumbo chini ya kikapu, na mwamuzi anaendelea na mchezo kana kwamba hakuona kitu.

Kipindi hicho hicho, mwaka 2017, Alba walimleta kocha kutoka Hispania, Aíto García Reneses, mzee aliyekuwa na miaka 70. Wengine walicheka, lakini rekodi yake ilikuwa wazi. Pau Gasol alianza kucheza timu ya wakubwa ya Barcelona chini yake. Ricky Rubio aliingizwa naye katika ligi kuu ya Hispania akiwa na miaka 14 tu. Mzee huyu hakuwa na desturi ya kuuliza cheti cha kuzaliwa. Katika msimu wa 2018/19, Wagner akiwa na miaka 17, alikuwa akiingia uwanjani katika mechi za Bundesliga, yaani ligi kuu ya kikapu ya Ujerumani, na za EuroCup, mashindano ya klabu za Ulaya ambayo Alba walifika fainali na kufungwa na Valencia. Mwisho wa msimu alitajwa kuwa kijana bora wa Kijerumani katika ligi.

Hapa niongeze jambo ambalo halina mvuto wa kusimuliwa lakini lina uzito. Ligi ya Ujerumani ina kanuni kwamba katika kikosi cha wachezaji 12 wa siku ya mechi, angalau sita lazima wawe Wajerumani. Kanuni hiyo kamili ilianza msimu wa 2012/13. Klabu zilinung'unika, kwa sababu kumnunua Mmarekani aliyekwisha kuiva ni rahisi kuliko kumlea kijana. Lakini kanuni ilizilazimisha kulea, na kizazi cha Wagner ndicho kilichovuna. Wale wanaosema Wajerumani walitwaa ubingwa wa dunia ghafla, waambieni wakaangalie tarehe.

Sasa njia panda ya pili, na hii naomba vijana waisikilize kuliko wazazi.

Majira ya kiangazi ya mwaka 2019, Wagner alikuwa na mambo mawili mbele yake. La kwanza, kubaki Alba kama mchezaji wa kulipwa, nyumbani, katika timu iliyokuwa inamjua. La pili, kwenda Chuo Kikuu cha Michigan, ambako wakati huo kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani hazikumruhusu mchezaji kulipwa zaidi ya masomo, chakula na malazi. Akachagua Michigan. Si kwamba chuo ni bora kuliko klabu; kwa kijana mwingine jibu sahihi lingekuwa kubaki. Yeye aliijua nyumba aliyokuwa anaiingia. Moritz alikuwa amecheza hapo kuanzia 2015 hadi 2018, akaifikisha timu fainali ya taifa ya vyuo dhidi ya chuo cha Villanova. Kocha aliyempokea Moritz, John Beilein, alikuwa ameshaondoka, na nafasi yake ilichukuliwa na Juwan Howard, mtu aliyecheza NBA kwa miaka mingi na kutwaa ubingwa mara mbili akiwa na Miami. Kwa hiyo lile swali letu la kila njia panda lilikuwa na jibu kabla hajapanda ndege.

Na baada ya kuchagua vizuri, mambo yalimnyookea? Hapana. Alivunjika kifundo cha mkono kabla msimu haujaanza, akakosa mechi za mwanzo. Msimu huo huo ukakatwa na ugonjwa wa korona, mashindano ya taifa hayakuchezwa kabisa. Msimu wa pili Michigan wakawa miongoni mwa timu bora nchini, wakapangwa namba moja katika kanda yao, wakafika robo fainali dhidi ya UCLA, chuo cha Los Angeles, tarehe 30 Machi 2021.

Mechi hiyo nimeiangalia tena na tena, na ningependa kila kijana hapa aiangalie, ingawa haipendezi. Timu zote mbili zinarusha kana kwamba kikapu kimefunikwa. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Michigan wako nyuma kwa pointi moja tu, mpira unamfikia Wagner nje ya mstari wa pointi tatu, yuko peke yake, anarusha. Mpira haugusi chuma, haugusi ubao, unapita hewani na kuangukia upande wa pili. UCLA wanashinda 51 kwa 49. Wagner alikuwa amerusha mitupo 10 na kufunga mmoja, pointi nne mchezo mzima. Hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho ya chuo.

Miezi minne baadaye, katika drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Orlando walimchukua wa nane. Maskauti, yaani watu wanaozitafutia timu vipaji, walikuwa wamehesabu miaka miwili ya kazi: ulinzi wake, pasi zake, namna anavyosimama mahali sahihi mpira ukiwa mbali naye. Mtupo ule mmoja waliuweka mahali pake. Wazazi, ninawaomba na ninyi muwe kama maskauti wale, maana nimewaona baadhi yenu kwenye magari mkirudi kutoka mechi.

Niseme kidogo kuhusu drafti, kwa sababu sisi Watanzania hatuwezi kulitaja neno hilo bila kumkumbuka Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry. Tulijivuna, na tuna haki ya kujivuna hadi leo, kwa kuwa hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale kabla yake. Lakini Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alipelekwa ligi ndogo kujifunza. Wagner alipofika miaka 15 alikuwa tayari na miaka mingi ya mazoezi chini ya makocha wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nafasi ya juu katika drafti humpa kijana mshahara, ila miaka ya mazoezi aliyoikosa utotoni haimrudishii. Ninamsema Thabeet kwa heshima: alipanda mlima kutoka chini kabisa, tena bila kanuni ya wachezaji sita iliyomsukuma mbele.

Tuendelee. Timu aliyoikuta Wagner Orlando ilikuwa mbovu, na neno hilo nimelichagua kwa makusudi. Msimu wa 2021/22 walishinda mechi 22 na kupoteza 60. Kuna wachezaji ambao mwaka wa namna hiyo huwaharibu, wakazoea kupoteza na kukusanya takwimu za bure. Yeye alicheza mechi 79, akafunga wastani wa pointi 15 kwa mechi, na usiku wa tarehe 28 Desemba 2021 akawafunga Milwaukee Bucks, waliokuwa mabingwa watetezi, pointi 38. Alichaguliwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji wapya bora wa msimu. Timu mbovu ilimpa kitu ambacho timu nzuri isingempa, nacho ni ruhusa ya kukosea akiwa na mpira mkononi.

Niruhusuni nieleze anachofanya na mpira huo, maana ndicho kinachomlisha. Hana kasi ya kutisha, wala haruki kuliko wenzake. Anaanza upande mmoja, anamwegemeza beki bega, kisha hatua ya kwanza, ndefu mno, inakwenda kulia, na ya pili inakata kushoto, huku mpira ameushika kwa mikono miwili chini karibu na nyonga, upande ambao mkono wa beki haufiki. Beki ameshahama, naye bado hajaruka. Ndipo anaugusisha mpira kwenye ubao, taratibu. Vijana, hizo hatua mbili mnaweza kuzifanyia mazoezi kesho, bila mpira, kwenye korido ya nyumba yenu, mama akiruhusu.

Orlando walipanda polepole. Mwaka 2022 walimpata Paolo Banchero, na msimu wa 2023/24 wakashinda mechi 47 na kuingia mtoano dhidi ya Cleveland. Katika mechi ya nne Wagner alifunga pointi 34 na kuchukua ribaundi 13, yaani mipira iliyorudi baada ya mtupo kukosa. Mfululizo wa mechi kati ya timu hizo mbili ukafika mechi ya saba, ile ya kufa au kupona, tarehe 5 Mei 2024. Mnajua alifanya nini? Alirusha mitupo 15, ukaingia mmoja. Mmoja kati ya 15. Orlando wakatolewa, 106 kwa 94. Na msimu ule wote mitupo yake ya pointi tatu ilikuwa imeingia kwa asilimia 28 tu, kiwango ambacho kwa mchezaji wa nafasi yake ni aibu.

Miezi miwili baadaye, waajiri wake walimwekea mezani ule mkataba wa dola milioni 224. Magazeti mengine yalishangaa. Mimi sikushangaa, na nadhani ninyi pia, baada ya kusikia habari ya UCLA, hamshangai. Novemba ya mwaka huo, Banchero akiwa majeruhi, Orlando walikwenda Los Angeles kucheza na Lakers. Wagner alifunga pointi 37, na za mwisho kati ya hizo zilikuwa mtupo wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 2.5, Orlando 119, Lakers 118. Mtu aliyekosa mitupo 14 mwezi Mei ndiye aliyeutaka mpira mwezi Novemba. Baadaye, Desemba, alichanika misuli ya ubavu na kukosa mechi 20, na Moritz, ambaye walikuwa wakicheza timu moja, akaumia goti vibaya mwezi huo huo. Hata hivyo alimaliza msimu akiwa na wastani wa pointi 24. Mtupo wa mbali bado ni udhaifu wake, nami sioni sababu ya kuuficha.

Nimebakiza timu ya taifa, na hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa ya mtu mmoja.

Mashindano makubwa ya kwanza ya Wagner na timu ya wakubwa ya Ujerumani yalikuwa yale ya Ulaya ya mwaka 2022, na katika mechi ya Cologne dhidi ya Lithuania, iliyokwenda mara mbili kwenye muda wa ziada, alifunga pointi 32. Ujerumani ikapata medali ya shaba hapa hapa Berlin. Mwaka uliofuata likaja Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza, huko Okinawa dhidi ya Japani, akateguka kifundo cha mguu. Akakaa nje mechi nne. Na Ujerumani? Ilishinda zote nne. Fikirini maana yake kwa kijana nyota: umekaa umenyoosha mguu wenye barafu, na wenzako wanakuonyesha kwamba wanaweza bila wewe. Aliporudi katika robo fainali dhidi ya Latvia aliingia kutokea benchi, akafunga pointi 16, na wakashinda 81 kwa 79.

Lakini mechi hiyo ya Latvia ninaikumbuka zaidi kwa sababu ya nahodha, Dennis Schröder, mtoto wa Braunschweig ambaye mama yake anatoka Gambia. Siku hiyo Schröder alirusha mitupo 26 na kufunga minne. Ndiyo, minne kati ya 26. Kocha Gordon Herbert hakumng'oa. Siku mbili baadaye waliwatoa Marekani 113 kwa 111, Wagner akiwa na pointi 22, na tarehe 10 Septemba 2023, mjini Manila, wakawafunga Serbia 83 kwa 77. Katika fainali hiyo Schröder alifunga pointi 28 na kutangazwa mchezaji bora wa mashindano. Wagner alifunga 19. Ubingwa wa dunia wa kwanza katika historia ya kikapu cha Ujerumani, kwa mechi nane bila kupoteza hata moja.

Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 waliambulia nafasi ya nne, na iliwauma, hasa kufungwa na Ufaransa nusu fainali wakati walikuwa wamewachapa katika makundi. Mwaka 2025 wakarudi kwenye mashindano ya Ulaya. Kocha wao mpya, Álex Mumbrú, akaugua, msaidizi wake Alan Ibrahimagić akashika timu, na tarehe 14 Septemba mjini Riga wakawafunga Uturuki 88 kwa 83.

Katika fainali ile mchezaji bora hakuwa Wagner, wala hakuwa Schröder. Alikuwa Isaac Bonga, mzaliwa wa Neuwied, wazazi wake Wakongomani. Nasikia makofi upande wa ndugu zetu wa Kongo, na mnastahili. Bonga alichaguliwa na NBA mwaka 2018, mwaka mmoja na Moritz Wagner, wakacheza wote Lakers, kisha wakahamishiwa Washington kwa pamoja katika biashara ile ile. Moritz alibaki Marekani. Bonga baada ya misimu kadhaa alikosa nafasi, akarudi Ulaya, akacheza Bayern, kisha Partizan ya Belgrade. Kazi yake kwa timu ya taifa ni ile isiyoandikwa magazetini: kumkaba mfungaji hatari kuliko wote wa upande wa pili. Usiku wa Riga, Waturuki waliamua kumwachia nafasi ya kurusha, kwa hesabu kwamba afadhali arushe yeye kuliko Wagner. Akafunga pointi 20.

Hapo ndipo muda wangu unapoishia. Waandaaji wameniambia maswali yaanze na kina mama wa mstari wa mbele, kwa kuwa ndio wanaowapeleka watoto mazoezini.